Mti Ulioumwa

Wewe kijana uliyeshika karatasi hii, tulia kidogo unisikilize kama vile tumeketi pamoja, nami nikuulize swali. Huna miguu ya kukimbilia. Huna mikono ya kurusha jiwe. Huna hata sauti ya kuita majirani. Mbuzi anakuja, amekukazia macho, anataka kukula. Utafanya nini?

Usijibu haraka. Mimi swali hilo limenilisha tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, na hadi leo nikilifikiria natabasamu.

Jibu ni hili: utakuwa mchungu.

Mmea huzaliwa mahali pamoja na hufia papo hapo. Hauwezi kuhama jua likizidi, wala kumfukuza kiwavi kwa fimbo. Kwa hiyo unapika. Ndani ya jani, ndani ya gome, ndani ya mzizi, mna jiko ambalo wewe hulioni, na humo mmea unapika vitu vya kujilinda: vichungu, vikali, vya kuwasha, vyenye harufu, vingine vyenye sumu kabisa. Kiwavi anaonja, anashuka. Ukungu unataka kuota juu ya gome, unashindwa. Sasa binadamu, ambaye naye anashambuliwa na vijidudu vya ngozi na vya tumbo, aliutazama mti ulivyojilinda akajiuliza: je, silaha hiyo haiwezi kunisaidia na mimi? Hapo ndipo dawa ya miti ilipoanzia. Dawa ni silaha ya kuazima.

Kazi yangu iliitwa ukaushaji. Nchi ilikuwa bado changa, inajikagua kama mtu aliyehamia nyumba mpya anayefungua kila mlango aone kuna nini ndani. Serikali ikataka kujua miti yetu ina nini. Watu wakatumwa mikoani kukusanya magome, majani na mizizi, vikaushwe, vifungwe, vipelekwe Dar es Salaam kupimwa. Kwetu Singida alikuja Bwana Shija, Msukuma mrefu mwenye miguu ya korongo, mtaalamu wa mimea. Mimi, Raheli, nikaajiriwa kumsaidia.

Kwetu ni upande wa Nduguti, na mimi ni Mnyiramba. Niliporudi nyumbani kutoka mafunzoni kusema nimepata kazi, mama aliacha kupepeta mtama.

"Serikali imekupa kazi gani?"

"Kukausha majani, mama."

"Majani gani?"

"Yote."

Akaweka ungo chini. "Mlenda nimekufundisha kukausha mwenyewe, hapa hapa uani. Nao wakakupeleka mafunzoni kwa ajili hiyo?"

Mama alikuwa na haki ya kucheka, na kosa langu la kwanza nililichukua kwake. Nilianika majani ya dawa kama tunavyoanika mlenda: juu ya mwamba, jua kali, jioni yamekauka yanavunjika. Nikajisifu. Bwana Shija akachukua konzi moja, akanusa, akanitazama.

"Raheli, harufu imekwenda wapi?"

"Imekauka, bwana."

"Harufu haikauki, hukimbia. Hapa umebaki na majani ya chai, tena chai ya jana."

Hakunigombeza. Alinivunjia jani bichi akaniwekea puani. "Hiki unachonusa ndicho tulichokuja kuchukua. Ndicho kinachomfukuza mdudu. Ni chepesi kuliko moshi. Ukikipiga jua, kinapanda juu na kutuacha." Tangu siku ile nilikausha kivulini, kwenye kichanja, majani yametandazwa yasilaliane, nikiyageuza kila mara. Na upepo wa Singida, huu ambao watu wanaulaumu kwa kuwatia vumbi machoni, ulikuwa mfanyakazi mwenzangu bora. Ukikausha kitu chochote kwetu, muachie upepo, usimuachie jua.

Bwana Shija naye alikuwa na makosa yake. Siku moja tulikata njia kwenye ua wa minyaa, na jasho likamtoka, akajifuta uso kwa mkono uleule. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, ndugu yangu, utaimba nyimbo za kwenu zote. Alishinda mchana mzima ameinamia karai la maji, nami nikimmiminia juu ya jicho, huku akinisomesha kwa sauti ya ndani ya karai.

"Andika, Raheli. Utomvu ni mkali."

"Nimeandika, bwana."

"Andika sana."

Lakini alipona, na kesho yake akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Umeona ng'ombe akila ua wa mnyaa?" Nikasema sijaona. "Ndiyo maana wazee wenu wanauzungushia nyumba. Mnyaa haulindwi na mtu. Mnyaa unamlinda mtu."

Halafu kuna mtama. Mfugaji yeyote wa kwetu anajua: mtama mchanga uliopigwa na ukame, ng'ombe akiingia akala, anaweza kuanguka palepale. Mtama uleule ukikomaa tunapika ugali na kunywa uji. Bwana Shija alipenda sana mfano huo. Alisema mmea haupiki sumu yake kwa kiwango kimoja siku zote, kama vile mama hapiki chungu kimoja siku ya wageni na siku ya kawaida. Unapika zaidi ukiona hatari. Nilisikia, nikakubali kwa kichwa, na nisielewe. Kuelewa kulikuja baadaye, kwa njia ya kanga yangu.

Mambo hayo yalitokea kwenye kijiji kimoja, si mbali na Issuna. Ulikuwa wakati ule wa watu kuhamia vijijini. Familia zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na zizi lake, zilijikuta zimepangwa mistari, mlango kwa mlango. Kisima kilikuwa kimoja. Watoto wakacheza pamoja, na upele nao ukacheza nao. Zahanati ilikuwa mbali, na dawa ya kupaka ikiletwa leo, kesho imekwisha. Kwa hiyo kina mama waliwapeleka watoto kwa Mama Ntandu.

Mama Ntandu alikuwa Mnyaturu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuwa mtu wa ramli wala hirizi. Alichemsha gome la mti fulani, akaliacha lipoe, akawaosha watoto vidonda, kisha akawafukuza uani kwake kwa kelele. Wengi walipona. Mti wenyewe sitautaja jina, na usininung'unikie. Nimeshuhudia mti ukisifiwa redioni, haikupita muda ukabaki umesimama uchi, umemenywa gome lote, unakufa. Yatosha ujue ni mti mfupi wa gome la kijivu, na maji yake yakichemka yanatoa povu kama la sabuni.

Mama Ntandu alitukatia mwenyewe mfuko wa kwanza. Tuliukausha, tukaupeleka kwa Landrova mpaka Manyoni, ukapanda garimoshi. Jibu likaja kwa simu ya ofisi ya wilaya, na Bwana Shija akatoka ofisini anacheza. Gome liliua vijidudu vya vidonda kwenye kisahani cha maabara.

Hapa nisimame kidogo, usije ukadanganywa na mtu. Kuua vijidudu kwenye kisahani si kumponya mgonjwa. Hata moto unaua vijidudu, lakini humpaki mtoto moto. Kisahani kinakuambia: hapa pana kitu, endelea kutafuta. Hakisemi zaidi ya hapo. Basi maabara wakasema wanataka kuendelea, tuwaletee gome jingi zaidi, magunia.

Miti hiyo ilikuwa imejaa mahali pamoja tu, kwenye kichaka kilichopakana na kijiji. Na kichaka hicho ndicho Mzee Hamisi, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amekipangia kuwa shamba la kijiji. Usije ukamfanya mtu mbaya kichwani mwako. Alikuwa na watu wengi wa kulisha na ardhi ya karibu kidogo. Alituita, akamwita na Mama Ntandu, akasema mbele yetu sote:

"Mama, mimi watu wangu hawali gome. Lakini Dar es Salaam wakisema mti huu una faida, kichaka nitakiacha, nitatafuta shamba kwingine. Wakisema si kitu, trekta likija linalima."

"Na wapime," alisema Mama Ntandu. "Mimi nilishapima kwa wajukuu."

Alisema hivyo kwa kiburi, lakini nilimwona akitazama upande wa kichaka. Kikilimwa kile, angebaki na sufuria tupu, na watoto wa mlango kwa mlango wangebaki na upele wao.

Tulirudi kuchukua magunia siku ambayo goti lake lilikuwa limevimba. Hakuweza kutembea mpaka kichakani. Tukamwomba atueleze. Nikamwanzia kwa Kinyaturu changu cha kuokoteza sokoni, akainua mkono juu.

"Acha! Nimesoma elimu ya watu wazima. Kiswahili ninacho. Serikali inasema Kiswahili, nami nitaisemesha Kiswahili. Wewe Mnyiramba unataka kunirudisha nyuma?"

"La, mama. Samahani."

"Wanyiramba mna wivu. Haya, sikilizeni. Msichukue mti mzima. Chukueni mti ulioumwa."

"Ulioumwa, mama?"

"Ulioumwa. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Basi nendeni, jua linapanda."

Njiani Bwana Shija alikuwa anajikuna kichwa. "Mti unaumwa nini, Raheli? Malaria?"

"Labda anataka mti mgonjwa. Dawa ya mgonjwa itoke kwa mgonjwa mwenzake."

"Nilifundishwa kuchagua mti wenye afya."

"Na mimi nilifundishwa kumsikiliza mkubwa."

Tukapatana kwa njia ya kila mtu kuridhika, ambayo mara nyingi ndiyo njia ya kila mtu kukosa. Tulijaza magunia mawili. Moja la miti mizuri ya katikati ya kichaka, iliyonawiri, isiyo na alama. Jingine la miti tuliyoiona inaumwa: iliyokauka vilele, iliyotobolewa na wadudu, yenye uyoga kwenye shina. Kukata tulikata kwa adabu. Wazee wa kwetu wana desturi ya kuchukua gome upande wa macheo na upande wa machweo tu, na wengine wanaifanya kuwa siri kubwa. Bwana Shija aliniambia faida yake: ukichukua pande mbili, pande mbili nyingine zinabaki kupitisha chakula cha mti kwenda mizizini. Anayemenya mviringo mzima ameunyonga mti. Na sisi tukachukua vipande vyembamba vya wima, tukapaka udongo kwenye kidonda, tukaondoka tunaimba.

Jibu likaja: la gunia zuri, karibu hakuna kitu. La gunia gonjwa, hakuna kitu kabisa.

Bwana Shija hakucheza siku hiyo. Tulimkuta Mama Ntandu anachambua mboga, tukamsalimu shikamoo, akaitikia, akasoma nyuso zetu kabla hatujafungua mdomo.

"Wamekataa."

"Wanasema gome halina nguvu, mama."

"Halina nguvu? Nendeni mkamuulize mtoto wa Hamisi mwenyewe, mgongo wake nimeuosha kwa mikono hii!" Akasimama kwa goti lile bovu. "Mnyiramba, ulisema hujakosea, hujakosea. Shule ulisomea nini, kuitikia?"

"Tulifanya ulivyosema, mama. Tulichukua ulioumwa."

"Mngechukua ulioumwa, wasingekataa!"

Mzee Hamisi naye akapata habari. Hakufurahi wala hakusikitika. Alisema trekta limeahidiwa kabla ya mvua, basi, na ahadi ni ahadi.

Tulilala kijijini kwa sababu gurudumu la Landrova lilikuwa limepasuka. Asubuhi nilifua kanga yangu, nikaitandaza kwenye ua wa miiba wa zizi la Mama Ntandu, nikaingia jikoni kumsaidia kazi ili anisamehe. Nilikuwa namenya vitunguu, natoa machozi, wakati sauti ile ya kuita ng'ombe iliponifikia kutoka uani.

"Mnyiramba! Njoo utazame! Kanga yako imeumwa!"

Nikacheka jikoni peke yangu. "Kanga itaumwaje, mama? Ina homa?"

"Homa ya nini? Imeumwa na mbuzi! Huoni meno?"

Nikatoka mbio, kitunguu mkononi. Pembe moja ya kanga ilikuwa haipo, na mbuzi jike mweupe alikuwa amesimama kando, anatafuna kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Mtu wa pwani angesema kanga imetafunwa. Mwanafunzi yeyote angesema imeliwa. Mama Ntandu alisema imeumwa, na mimi nikaukumbuka mti.

"Mama," nikasema polepole, "na ule mti. Uliumwa na nini?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda.

"Na mbuzi. Na nani mwingine? Mti nao unaugua malaria?"

Kule chini ya Landrova nikasikia kitu kimegonga chuma. Kilikuwa kichwa cha Bwana Shija. Alitoka amejishika paji la uso, anacheka na kuugulia kwa pamoja.

"Mama, kwa nini hukusema mti ulioliwa na mbuzi?"

"Mwalimu wangu wa Kiswahili alisema: mbwa ameniuma, nimeumwa na mbwa. Mbwa ana meno, mbuzi ana meno. Sasa kosa langu liko wapi, wewe Msukuma?"

Hatukuliona, na hadi leo silioni. Neno moja lilibeba mizigo miwili, sisi tukashusha mzigo usio wetu. Naye angeweza kutupigia mfano, lakini alikuwa anaiheshimu serikali kwa lugha yake mpya.

Basi akatueleza, safari hii kwa Kiswahili, Kinyaturu na mikono yote miwili. Yeye hachukui gome ndani ya kichaka, ambako mbuzi hawafiki. Anachukua kando ya njia ya mbuzi, kwenye mti uliokatwa vitawi kwa meno na bado uko hai. Mbuzi huuma kidogo, husonya, huenda mti mwingine. "Mti ukiumwa, unakasirika," alisema. "Hasira inashuka kwenye gome. Mti ambao haujaumwa una hasira ya nini? Umenenepa tu." Akaongeza kwamba mbuzi lazima awe jike. Dume, alisema, hana adabu ya kuuma.

Bwana Shija alichukua kile kitunguu mkononi mwangu. "Raheli, kikiwa kizima kilikuliza?"

"Hapana."

"Ulipokikata?"

Machozi yangu yalikuwa hayajakauka. Hayakuhitaji jibu.

"Kitunguu hakitembei na machozi mfukoni," akasema. "Kinayatengeneza papo hapo, kisu kikishaingia. Yawezekana na mti huu ndivyo ulivyo. Ukijeruhiwa, jiko linawashwa. Yule mgonjwa mahututi hana kuni za kuwashia jiko, na yule aliyenawiri hana sababu. Lakini ni yawezekana, Raheli. Tusiseme ndivyo mpaka tupime."

Ninataka uone alivyofanya, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hakukimbilia kujaza gunia la mti ulioumwa peke yake. Alisema tukifanya hivyo na jibu likiwa zuri, hatutajua kama ni meno ya mbuzi au ni msimu au ni ukaushaji. Tuchukue miti iliyoumwa na miti isiyoumwa, ya unene ule ule, siku moja, panga moja, kichanja kimoja, kivuli kimoja. Kitu kimoja tu kitofautiane. Mama Ntandu alibebwa kwenye kiti mpaka kando ya njia ya mbuzi, akanyoosha kidole mti kwa mti, huu ndiyo, huu bado, na kila aliponyoosha tulienda kugusa alama ya meno. Magunia yakaenda Manyoni na Bwana Shija, mimi nikabaki kijijini kungoja.

Na trekta likaja.

Lilikuja na moshi na vigelegele, likasimama mbele ya ofisi ya kijiji. Mama Ntandu alikaa mlangoni kwake, mkono shavuni. Siku hiyo hakumfukuza mtoto yeyote uani. Niliumia zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa matusi yake yote. Lakini, vijana, wakati ule kitu kikija, mara nyingi kilikuja nusu. Trekta lilifika, dizeli haikufika. Dereva akangoja, akachoka, akaenda kwao. Kuku wakaona kiti cha trekta ni kizuri, wakaanza kutaga juu yake. Kila asubuhi Mama Ntandu alikuwa anachungulia kama kuku bado wapo, na mimi nilisali kwa siri dizeli icheleweshwe, jambo ambalo mtumishi wa serikali hapaswi kulisali.

Jibu lilitangulia dizeli. Bwana Shija hakuingia kijijini kwa miguu wala kwa gari. Aliingia kwa honi, aliibonyeza tangu mlimani. Gome la miti iliyoumwa lilikuwa na nguvu kama mfuko wa kwanza. Gome la miti isiyoumwa lilikuwa hafifu. Suala la mbuzi jike au dume tuliliacha, kwa sababu tungeuulizaje mti?

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa neno lake. Jioni hiyo hiyo aliitisha mkutano, akapanda juu ya trekta, akafukuza kuku, akatangaza: "Kichaka hakilimwi! Shamba la kijiji litakuwa ng'ambo ya korongo. Kuanzia kesho kichaka kitazungushiwa miiba pande zote, na mbuzi yeyote atakayeonekana karibu na dawa ya taifa, mwenyewe atanieleza!"

Watu wakapiga makofi. Mama Ntandu akasimama.

"Mwenyekiti, ukizungushia miiba, miti itakuwa mizima!"

"Ndiyo tunavyotaka, mama. Iwe mizima."

"Mimi sitaki iwe mizima! Nataka iumwe!"

Mkutano ukapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akauliza kwa nguvu kama mama huyu ameugua yeye mwenyewe. Bwana Shija ilibidi apande naye juu ya trekta, aeleze habari ya jiko la mti kwa watu wote, na kitunguu kikaletwa, kikakatwa hadharani, Mzee Hamisi akalia machozi mbele ya kijiji chake. Mwisho wakaafikiana. Uliwekwa ua wa miiba, lakini ukaachwa mlango wa mbuzi upande wa njia. Wachungaji wapitishe, wasilaze. Maana mti unaoumwa kidogo hukasirika, na unaoumwa mchana kutwa hufa. Wenye kulalamika walikuwapo, kwa kuwa shamba la ng'ambo ya korongo lilikuwa mbali na jembe ni zito begani. Sitaficha hilo. Dizeli ilipofika, trekta lililima huko.

Utaniuliza: dawa hiyo ikawa kidonge? Haikuwa. Njia ya kutoka kisahanini hadi kwenye kidonge ni ndefu, na mahali fulani njiani wenzetu walihamishiwa kazi nyingine. Ila watoto wa kijiji kile waliendelea kuoshwa, na mganga wa zahanati akawa akiwatuma kina mama kwa Mama Ntandu, huku akiwaonya kwamba maji yale ni ya kuoshea ngozi tu, si ya kunywa. Onyo hilo lichukue na wewe. Kinachomfukuza kiwavi kinaweza kukufukuza na wewe duniani.

Siku hizi mna mashine zinazosoma kilichomo ndani ya jani kabla chai haijapoa, na simu zinazopiga picha ya mti na mahali uliposimama. Nimeonyeshwa, nimefurahi kweli. Tungekuwa nazo, kichwa cha Bwana Shija kingesalimika. Lakini mashine itapima gome ulilolileta. Haitajua kama ni gome uliloambiwa.

Kwa hiyo, siku mtu akikutajia dawa yake, usiondoke na neno lake peke yake. Mwambie: "Shikamoo, naomba twende ukanionyeshe." Tembea naye kwa mwendo wake, na goti likiwa bovu, mbebe au subiri lipone. Mkifika, mwache aguse kwa mkono wake tawi, gome, au alama ya jino. Weka mkono wako palepale alipogusa, umuulize, "Ni hapa?" Akisema ndiyo, hapo ndipo utoe kisu.